John Singer Sargent: Mchoraji aliyekwenda Madrid kunakili

Mwezi Oktoba mwaka 1879, kijana wa miaka 23 aliandikisha jina lake katika daftari la wanakili wa Jumba la Makumbusho la Prado mjini Madrid, Hispania. Hakuwa mwanagenzi. Miezi michache kabla ya hapo, picha ya mafuta aliyomchora mwalimu wake ilikuwa imetajwa kwa heshima katika maonyesho makubwa ya Paris yaliyojulikana kama Salon, na watu wenye fedha walikwishaanza kumwita awachore. Angeweza kubaki Paris akavuna. Badala yake alifunga safari, akaenda kukaa mbele ya picha za mtu aliyefariki mwaka 1660, akaanza kuzinakili moja baada ya nyingine.

Kijana huyo alikuwa John Singer Sargent, Mmarekani ambaye baadaye alikuja kuwa mchoraji wa sura za watu aliyetafutwa kuliko wote London na Boston. Katika mfululizo wetu wa maisha ya watu mashuhuri leo tunamwangazia yeye, na tunataka kujua jambo moja hasa. Miongoni mwa wachoraji wengi, kumwambia mwenzako kwamba amekopi ni kumtukana. Sasa mtu aliyekwisha kusifiwa Paris alikwenda kukopi ili apate nini?

Mtoto asiye na mji

Sargent alizaliwa Florence, Italia, tarehe 12 Januari 1856. Baba yake, FitzWilliam Sargent, alikuwa daktari wa upasuaji huko Philadelphia. Mama yake, Mary Newbold Singer, alikuwa mpenda muziki na mchoraji wa rangi za maji kwa kujifurahisha. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mdogo mwaka 1853. Mwaka uliofuata, mama akiwa amevunjika moyo na afya, waliondoka Marekani kwenda Ulaya kwa nia ya kupumzika kidogo. Hawakurudi kuishi tena.

Maisha yao yalikuwa ya kuhama kwa kufuata majira: baridi ikija wanashuka kusini, joto likizidi wanapanda milimani. Kipato chao kilikuwa cha wastani, kwa hiyo walikaa nyumba za kupanga mahali ambapo maisha yalikuwa nafuu. John hakupata shule ya kueleweka. Alifundishwa na wazazi, na mji wenyewe ukawa darasa. Alikua akizungumza Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani, na akipiga piano vizuri kiasi cha kuwashangaza wageni. Baba alitamani mwanawe awe mwanamaji. Mama alimpa daftari la kuchorea na kumpeleka makanisani na kwenye majumba ya makumbusho, na kwa kweli ni mama aliyeshinda.

Katika majira ya baridi ya 1868 kuingia 1869, familia ikiwa Rome, alikaa katika studio ya mchoraji wa mandhari mwenye asili ya Ujerumani, Carl Welsch, akinakili picha zake za rangi za maji. Alikuwa na miaka 12 au 13. Tunalitaja hili kwa sababu watu husema Sargent alizaliwa na kipaji, kisha wanaishia hapo. Kipaji alikuwa nacho. Lakini tangu utotoni alikuwa pia na tabia ya kukaa mbele ya kazi ya mtu mwingine na kuirudia mpaka aielewe.

Brashi kabla ya penseli

Mei 1874 familia ilihamia Paris ili kijana apate mwalimu. Akiwa na miaka 18 aliingia katika studio ya Carolus-Duran, mchoraji wa sura za matajiri aliyekuwa na jina kubwa wakati huo, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na mavazi ya kujionyesha. Wanafunzi wake wengi walikuwa Wamarekani na Waingereza.

Hapa inafaa tueleze kidogo juu ya kazi yenyewe. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu ya mbegu za kitani. Haikauki upesi. Mchoraji ana muda wa kuchanganya, kufuta, kukwangua na kurudia, hata siku ya pili. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo hatari yake, kwa sababu anayesitasita na kurudia brashi mahali pamoja mara kumi huishia na tope badala ya shavu. Shule rasmi ya sanaa ya Paris, École des Beaux-Arts, ilijaribu kuikwepa hatari hiyo kwa kumkalisha mwanafunzi kwenye mkaa na penseli kwa muda mrefu kabla ya kumruhusu kugusa rangi. Mchoro ulikamilishwa kwanza, kisha rangi ikajazwa ndani yake.

Carolus-Duran alifundisha kinyume. Alitaka brashi ishikwe mapema, na uso ujengwe kwa vipande vya rangi vilivyowekwa kimoja kando ya kingine bila kusuguliwa. Mwanafunzi alitakiwa atafute kwanza rangi ya kati, ile isiyo mwanga wala kivuli, ambayo ndiyo inayofunika sehemu kubwa ya uso wa mtu. Ikishapatikana hiyo, mwanga mkali na giza zito viwekwe mahali pachache tu. Njia hii inaonekana rahisi mpaka mtu ajaribu. Kila kipande kinapaswa kuwa sahihi tangu kinapotua, maana hakuna mstari wa penseli wa kukuokoa.

Mwalimu huyo hakudai kuwa ameibuni njia hiyo. Alikuwa amekaa Hispania miaka ya 1860 akisoma kazi za Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme Philip wa Nne, na darasani jina hilo halikumtoka mdomoni. Wanafunzi waliambiwa wamsome Velázquez bila kupumzika. Tatizo ni kwamba Paris hapakuwa na picha zake nyingi za kusoma. Jumba la Louvre lilikuwa na picha maarufu ya binti mfalme Margarita, lakini kazi kubwa zilikuwa Madrid. Picha za kamera za zama hizo hazikuwa na rangi. Aliyetaka kujua Velázquez alichanganya nini kwenye ubao wake wa rangi alilazimika kwenda mwenyewe.

Sargent alikaa na mwalimu wake miaka kadhaa, na mwaka 1879 akamchora yeye mwenyewe, ameketi ameinama mbele kidogo, mkononi ameshika fimbo. Mwanafunzi kumchora mwalimu kwa njia ya mwalimu, tena hadharani, si jambo dogo. Picha ilipokewa vizuri mno. Kwa watu wengi waliokuwa Paris mwaka ule, mwanafunzi alikuwa amemfikia mwalimu. Na hapo ndipo palipo na hatari tunayoizungumzia. Kijana aliyejua kuiga mkono wa Carolus-Duran vizuri hivyo angeweza kuwa Carolus-Duran wa pili maisha yake yote, akalipwa vizuri, na leo tusingekuwa na sababu ya kumwandika. Aliamua kumruka mwalimu na kwenda kule mwalimu alikochota.

Mwezi mmoja ndani ya Prado

Kunakili ndani ya jumba la makumbusho ni kazi yenye taratibu zake. Mnakili anaomba kibali, anaandikishwa, anapewa nafasi ya kusimamisha stendi yake, na anafanya kazi watu wakipita nyuma yake na kutoa maoni yasiyoombwa. Majumba mengi bado yanaruhusu jambo hili. Katika Louvre ya leo, kwa mfano, nakala lazima iwe kubwa au ndogo kuliko picha ya asili na sahihi ya mchoraji hainakiliwi, ili pasiwe na mtu wa kuiuza kama kitu halisi.

Katika mwezi aliokaa pale, kuanzia Oktoba hadi Novemba, Sargent alichora nakala kadhaa. Alinakili kichwa cha Aesop, mtunzi wa hadithi ambaye Velázquez alimpa sura ya mzee fukara wa mtaani. Alinakili kichwa cha mungu Apollo kutoka katika picha ya karakana ya mhunzi Vulcan. Alimnakili mwana wa mfalme, Baltasar Carlos, na mtu mfupi wa ikulu aliyesimama na mbwa mkubwa. Na alijaribu ile kubwa kuliko zote, Las Meninas.

Kwa wasiowahi kuiona: Las Meninas ilichorwa mwaka 1656 na ina urefu wa zaidi ya mita tatu kwenda juu. Binti mfalme Margarita, mtoto wa miaka mitano, amesimama katikati amezungukwa na wasichana wanaomhudumia, watu wafupi wawili wa ikulu na mbwa aliyelala. Kushoto Velázquez mwenyewe ameshika brashi mbele ya turubai kubwa ambayo sisi tunaona mgongo wake tu. Nyuma kabisa mlango uko wazi, mtu mmoja amesimama kwenye ngazi, na ndani ya kioo kidogo ukutani wanaonekana mfalme na malkia. Nusu ya juu ya picha hiyo haina mtu hata mmoja. Ni dari, kuta na giza.

Nakala ya Sargent ni ndogo sana kuliko ya asili, na hakuhesabu nyuzi za nguo. Kwetu sisi hilo ndilo linaloonyesha alikuwa anatafuta nini. Mtu anayenakili ili auze nakala hujitahidi kila lulu iwe mahali pake. Sargent aliweka mafungu makubwa ya giza na mwanga, akaangalia jinsi nguo nyeupe ya mtoto inavyowaka kwa sababu tu ya weusi unaoizunguka, akaziacha nyuso za nyuma zififie. Ukisogea karibu na picha ya Velázquez, ua lililo kwenye nywele za mtoto ni madoa matatu manne yasiyo na umbo. Ukirudi nyuma hatua kumi, linakuwa ua. Mchoraji huyo alijua kwa hakika kiasi gani cha kuacha, na hilo huwezi kulijua kwa kutazama tu. Macho hudanganyika, hudhani yameona ua. Ni mpaka mkono wako mwenyewe ujaribu kuliweka lile doa, ushindwe, ukwangue, uliweke tena, ndipo unagundua kwamba halikuwa ua tangu mwanzo.

Kulikuwa na mtego mmoja ambao Sargent hakuwa na njia ya kuuepuka. Picha za zamani hufunikwa kwa vanishi, na vanishi hugeuka manjano kwa miaka. Las Meninas ilisafishwa kikamilifu mwaka 1984 tu, na waliozoea ile ya zamani walishtuka kuona ilivyo na rangi za fedha na kijivu. Kwa hiyo hudhurungi ya joto ambayo wachoraji wa karne ya 19 waliipenda kwa Velázquez, kwa sehemu, ilikuwa ya vanishi iliyochakaa. Ndivyo kunakili kulivyo: mtu huchukua pamoja na mchele chuya zake.

Na Velázquez naye alikuwa na wake wa kumtazama. Mwaka 1628 mchoraji Peter Paul Rubens wa Antwerp alifika Madrid kwa kazi ya ubalozi. Alikuwa na umri wa miaka 51, tajiri na maarufu Ulaya nzima, lakini muda wake wa ziada aliutumia kunakili picha za Titian zilizokuwa katika mkusanyiko wa mfalme. Velázquez, wakati huo mchoraji kijana wa ikulu, alikuwepo. Titian, Rubens, Velázquez, Carolus-Duran, Sargent: mkono mmoja unamfundisha mwingine, na baadhi yao hawakuwahi kusalimiana.

Kutoka Madrid Sargent aliendelea kusini hadi Andalusia, akavuka bahari hadi Moroko, ambako alipanga nyumba Tangier mapema mwaka 1880. Huko alipata picha ya mwanamke aliyevaa nguo nyeupe akijifukiza moshi wa ambari chini ya shela, weupe juu ya weupe. Agosti mwaka huohuo, akiwa na marafiki, alikwenda Haarlem, Uholanzi, kunakili tena. Safari hii zamu ilikuwa ya Frans Hals. Miongoni mwa alizonakili ni vichwa kutoka picha ya wanawake wasimamizi wa nyumba ya wazee, ambayo Hals aliichora mwaka 1664 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Velázquez alimfundisha utulivu. Hals alimpa kasi, ule mpigo mmoja wa brashi unaobaki kama ulivyotua.

Watoto wanne na mitungi miwili

Mazao yalionekana mwaka 1882. Edward Darley Boit, mchoraji mwenzake kutoka Boston aliyekuwa anaishi Paris na familia yake, alikubali binti zake wanne wachorwe. Wazazi wengi wangetarajia watoto wapangwe kwenye kochi, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Sargent alichukua turubai ya mraba, zaidi ya mita mbili kila upande, akawatawanya. Julia wa miaka minne ameketi chini kwenye zulia na mwanasesere wake. Mary Louisa, miaka minane, amesimama peke yake kushoto, mikono nyuma. Jane wa miaka 12 na Florence wa miaka 14 wamerudi nyuma hadi mlangoni pa chumba cha giza, na Florence ameegemea mtungi mkubwa wa Kijapani akiwa ametupa ubavu, uso wake hauonekani vizuri. Mitungi hiyo miwili ni mirefu kuliko watoto wote.

Aliyeiona Las Meninas anaitambua mara moja: chumba kirefu, giza nyuma, nguo nyeupe zinazowaka, mtoto anayekutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeingia bila hodi. Lakini hakuna hata kitu kimoja kilichohamishwa kutoka Madrid. Hakuna mfalme, hakuna kioo chenye wazazi, hakuna mchoraji. Sargent alichukua namna Velázquez alivyoliacha giza lifanye kazi, akaitumia kusema jambo ambalo Velázquez hakulisema, kwamba watoto hukua na kadiri wanavyokua huingia kivulini. Hivyo ndivyo tunavyoisoma sisi. Wengine wanaona tu familia tajiri isiyopenda kuketi pamoja. Wahakiki wa wakati ule walilalamika kwamba picha ina pembe nyingi na nafasi tupu. Hawakukosea, nafasi tupu ziko pale.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo swali tulilouliza mwanzoni linapojibika. Nakala zenyewe za Prado ni za kawaida, hazikumfanya Sargent kuwa Sargent. Kilichobaki mkononi mwake miaka mitatu baadaye, akiwa mbele ya watoto hai wasiotulia, ndicho alichokifuata.

Kamba ya bega

Kujua kuchora hakumwokoi mtu na kila kitu. Mwaka 1884 Sargent alipeleka Salon picha ya Virginie Amélie Gautreau, mzaliwa wa Louisiana aliyeolewa Paris na kujulikana kwa urembo na kwa poda nyeupe aliyojipaka. Mwenyewe hakuagiza picha hiyo. Sargent ndiye aliyemwomba amchore. Alimsimamisha katika gauni jeusi, uso pembeni, na kamba moja ya gauni imeteleza begani.

Paris, mji uliozoea picha za wanawake wasio na nguo kabisa, ulikasirishwa na kamba hiyo. Wanawake wa uchi wa Salon walikuwa miungu ya kale, na huyu alikuwa mke wa mtu anayejulikana anakoishi. Mama yake Gautreau alimwendea Sargent akitaka picha iondolewe. Alikataa. Baadaye, maonyesho yalipokwisha, aliichora upya kamba na kuirudisha begani, na picha akabaki nayo studio zaidi ya miaka 30. Mwaka 1916 aliiuza kwa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York, na ndiyo inayojulikana leo kama Madame X.

Wateja wa Paris walipotea. Mtu aliyekuwa akitafutwa miaka miwili iliyotangulia alikaa bila kazi za kutosha, akiwa na wazazi wanaozeeka na dada wawili, mmoja wao, Emily, akiwa na ulemavu wa mgongo tangu utotoni. Mwaka 1886 alihamia London, akachukua studio ya mtaa wa Tite iliyowahi kutumiwa na James Whistler. Waingereza nao walimwona ni Mfaransa mno, na waliogopa kwamba angewachora kama alivyomchora Gautreau. Kwa muda alichora bustani, watoto na taa za karatasi jioni. Wamarekani ndio waliomfungulia mlango kwanza, aliposafiri kwenda Boston na New York mwaka 1887. London ilimfuata mwaka 1893, alipoonyesha picha ya Lady Agnew ameketi kwenye kiti cha maua.

Kuanzia hapo ni miaka ya neema, na hatuna haja ya kuorodhesha kila bwana na bibi aliyepita studio kwake. Tutamtaja mmoja kwa kuwa wasomaji wetu wanalijua jina lake: Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, aliyechorwa Ikulu ya Washington mwaka 1903 akiwa ameshika nguzo ya ngazi. Huyo ndiye Roosevelt aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kwa safari ya kuwinda.

Namna alivyofanya kazi ilikuwa ileile ya darasani kwa Carolus-Duran, ila sasa imekomaa. Aliweka turubai bega kwa bega na mtu anayemchora, akarudi nyuma hatua nyingi, akatazama vyote viwili kwa pamoja, kisha akasogea mbele upesi akaweka mpigo mmoja na kurudi tena. Kwa siku nzima alitembea mwendo mrefu bila kutoka chumbani. Mteja akichoka, Sargent aliketi kwenye piano akampigia wimbo. Na uso ukikataa, hakuubembeleza. Aliukwangua wote akaanza upya, mara nyingine zaidi ya mara kumi. Watazamaji wanaosifu wepesi wa brashi yake wanaona mara ya mwisho tu.

Apollo wa Boston

Mwaka 1907 alitangaza kwamba amechoka na picha za sura za kuagizwa. Alikuwa na miaka 51. Wateja waliomsihi aliwapa michoro ya haraka ya mkaa. Alikataa pia kupewa cheo cha Sir na mfalme wa Uingereza, kwa kuwa hakutaka kuacha uraia wa Marekani, nchi ambayo hakuzaliwa wala kulelewa. Nguvu zake alizielekeza kwenye rangi za maji na kwenye picha kubwa za kuta na dari katika majengo ya umma ya Boston.

Katika kazi hiyo kuna sura moja ambayo kwa muda mrefu haikusemwa. Mwaka 1916, katika hoteli moja ya Boston, alikutana na Thomas McKeller, kijana Mwafrika wa Marekani aliyekuwa mwendesha lifti. McKeller alimsimamia kama mwanamitindo kwa miaka kadhaa. Mwili wake ndio uliotumika kuchora miungu na miungu ya kike katika dari ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston, akiwemo Apollo. Lakini kule juu ngozi ni nyeupe na nyuso ni za Kigiriki. Kijana aliyekwenda Madrid kumnakili Apollo wa Velázquez alikuwa na Apollo hai mbele yake, akamchora, kisha akamfuta rangi. Sargent huyohuyo alichora pia picha ya mafuta ya McKeller mwenyewe, mwili mzima, uso ukiangalia juu, rangi yake ikiwa kama ilivyo. Hakuwahi kuiuza. Sasa iko katika jumba hilohilo lenye dari, na mwaka 2020 maonyesho maalumu mjini Boston yalimweka McKeller mbele kwa jina lake.

Sargent alifariki usingizini London tarehe 15 Aprili 1925, akiwa na miaka 69, siku chache kabla ya kusafiri tena kwenda Boston kukamilisha kazi. Hakuwa ameoa. Aliacha takriban picha 900 za mafuta na zaidi ya 2,000 za rangi za maji.

Julai mwaka huo vitu vya studio yake vilipigwa mnada Christie's. Miongoni mwake zilikuwemo nakala alizozichora akiwa kijana wa miaka 23 na 24. Alihama nazo kutoka Paris hadi London, alizikalisha kwenye kuta zake katika miaka mibaya na mizuri, na hakuziuza hata alipokuwa na shida ya fedha.

Picha ya mabinti wa Boit ilitolewa na mabinti wenyewe kwa jumba la Boston mwaka 1919, na mitungi ile miwili sasa imesimama kando yake. Mwaka 2010 picha ilisafirishwa hadi Madrid kwa azima. Prado waliitundika katika ukumbi uleule, karibu na Las Meninas, na kwa wiki kadhaa watu waliweza kusimama katikati na kugeuza shingo kutoka moja hadi nyingine.